Jina la chuo au njia ya kurudi chumbani?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nimedahiliwa vyuo viwili, kozi ileile ya uhandisi wa umeme. Cha kwanza kina jina kubwa, lakini kiko katikati ya jiji na wa mwaka wa kwanza hawapewi bweni. Cha pili hakisikiki, ila nilikitembelea nikapapenda: miti, utulivu, bweni ndani ya uzio. Baba anasema jina ndilo litakalonipa kazi. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mimi nilisoma chuo chenye jina. Maktaba yake ilisifiwa kila mahali na ilifungwa saa nne usiku. Chumba nilichopanga kilikuwa mwendo wa dakika arobaini kwa miguu, na kipande cha katikati hakikuwa na taa hata moja. Saa kumi na mbili jioni nilikuwa nishafunga daftari, giza lisinikute njiani. Wenzangu wa kiume wakabaki wanasoma. Kwa hiyo ukinitajia mazingira, miti sina habari nayo. Nauliza utarudije kulala.

Baba yako hajakosea. Jina humfanya mwajiri asome barua yako mara mbili. Ila ajue linavyopikwa. Ile orodha ya Shanghai ya vyuo bora duniani, iliyoanza mwaka 2003, hutoa asilimia 30 ya alama kwa tuzo za Nobel na medali za Fields (tuzo kubwa ya hisabati) za wahitimu na wanataaluma wa chuo. Ni heshima halali, lakini mwenye Nobel hatakusahihishia zoezi la sakiti. Na mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kiliporomoka kutoka nafasi ya 2 hadi ya 18 katika orodha ya vyuo vya Marekani ya U.S. News, baada ya profesa wake mwenyewe wa hisabati kuonyesha kwamba takwimu ambazo chuo kiliwapelekea waandaaji wa orodha zilikuwa na kasoro.

Wewe ulizia idara. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaingia maabara mara ngapi kwa wiki? Osiloskopu moja, kile kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme, wanaigombea wangapi? Muulize wa mwaka wa mwisho, tena umkute kantini, maana yule anayepangiwa kutembeza wageni ameshafundwa cha kusema. Ithibati ya kozi na kutambuliwa na bodi ya wahandisi sikujadili: kama havipo, chuo hicho kifute.

Halafu kuna kitu umekipitia haraka. Kimoja umekipima kwa bustani yake, kingine kwa sifa za watu, na hicho chenye jina hujakanyaga. Nenda, siku ya kazi, saa mbili usiku. Mchukue na baba. Tembeeni kwa miguu kutoka maktaba hadi mtaa ambao ungepanga chumba, na njiani usimweleze kitu.