Betri ya pili ya mziki wa gari: fyuzi ni mbili, sio moja

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya rewaya, yaani ufundi umeme wa magari, hili la betri ya pili naomba mlishike mapema, maana siku hizi kila mwenye Noah anataka sabufa mbili nyuma na kazi zinakuja nyingi kabla hujazielewa vizuri.

Miaka yangu ya mwanzo nilimfungia mteja betri ya pili kwenye buti. Nikavuta waya nene toka mbele, fyuzi nikaweka moja tu pembeni ya betri ya mbele, nikajua nimemaliza. Wiki kama tatu hivi ananipigia yupo barabarani, moshi unatoka chini ya dashibodi. Kumbe pale waya inapotoboa bati la injini kuingia ndani sikuweka raba, ikawa inasuguliwa kidogo kidogo mpaka ganda likaisha ikagusa bodi. Fyuzi ya mbele ilikata kama inavyotakiwa, nilikuja kuikuta imeungua, lakini waya ikaendelea kuwaka kwa sababu betri ya nyuma nayo ilikuwa inaipelekea umeme na huko hakukuwa na kitu cha kuikata! Kapeti lilishaanza kuyeyuka. Bahati mteja alikuwa mwepesi, akafungua buti akachomoa teminali, vinginevyo gari lote lilikuwa linaondoka.

Ndio maana nasema fyuzi mbili. Waya ya kati ya betri mbili inapata umeme toka pande zote mbili, kila betri iwe na fyuzi yake karibu na pozitivu, isizidi sentimita 45, mimi mwenyewe hata 20 sivuki. Na fyuzi inalinda waya, hailindi amplifaya, kwa hiyo ukubwa wake unafuata unene wa waya. Waya ya milimita za mraba 25 mimi siipi zaidi ya ampea 150, ya 50 naipa 250. Hiyo ni shaba tupu lakini. Kata kipande, kwangua nyuzi kwa wembe, ukiona ndani nyeupe hiyo ni aluminiamu imepakwa shaba, inapitisha umeme kidogo, ongeza unene au irudishe dukani.

Kitu kingine wateja hawaelewi na wewe ndio umueleze, betri haizalishi umeme, altaneta ndio inazalisha. Amplifaya ya wati 1000 halisi ikipigwa mpaka mwisho inakula kama ampea 90, na gari ndogo nyingi altaneta yake yote ni ampea 70 mpaka 100 na hapo kuna taa, feni na AC. Betri ya pili itamsaidia kwenye besi inapogonga na akipiga mziki gari imezimwa, zaidi ya hapo mwambie ukweli.

Kati ya betri weka relei ya kutenganisha, ile swichi ya umeme inayoziunga betri mbili pale altaneta ikianza kuchaji, kwenye volti 13.3 hivi, na kuachia gari ikizimwa. Mziki ukimaliza betri ya nyuma, ya mbele inabaki ya kuwashia gari. Ndani ya gari weka betri ya AGM, ile iliyofungwa ambayo asidi yake haimwagiki, sio ya maji, ya maji ikichajiwa inatoa haidrojeni na hiyo ikikutana na cheche inalipuka. Ifunge na vyuma, sio kamba. Na chaji zote mbili kabla ya kuziunganisha.

Athi, yaani waya ya negativu inayofungwa kwenye bodi, watu wanaidharau sana. Iwe nene sawa na pozitivu, fupi, piga msasa mpaka bati ling'ae ndio ufunge bolti, na bolti za mkanda wa kiti usiziguse kabisa.

Ukianza kazi chomoa negativu kwanza, ukimaliza irudishe ya mwisho, maana spana ikiwa kwenye pozitivu ikagusa bodi na negativu ipo, utaona cheche ambayo hutaisahau. Pete na saa vua. Kabla ya kutoboa sakafu lala chini uangalie tenki na paipu ya mafuta vipo wapi.

Mwisho washa gari, mziki juu, pima volti kwenye betri ya mbele halafu kwenye amplifaya, tofauti ikizidi nusu volti kuna mahali umeunga vibaya. Baada ya nusu saa pitisha mkono kwenye kila kiungio na kila fyuzi, panapochoma hapo fungua urudie, gari lisitoke gereji.