Jibu: Nyama ya kusaga inatoa maji na kuganda mabonge

Mkuu, umeuliza kwa nini nyama yako ya kusaga inajaa maji, inakuwa ya kijivu na kuganda mabonge. Mchawi ni sufuria ndogo. Ukimwaga kilo nzima kwa mara moja, moto unazidiwa, maji yanatoka haraka kuliko yanavyokauka, kwa hiyo unachemsha badala ya kukaanga.

Gawa nusu nusu. Sufuria pana, moto mkali, usifunike. Vunjavunja kwa mwiko mpaka maji yakauke na nyama ianze kulia kwenye mafuta yake yenyewe. Rangi ya kahawia ikija, ladha imekuja. Itoe, kisha humo humo kaanga kitunguu, tangawizi na kitunguu saumu, halafu bizari nyembamba, giligilani ya unga, pilipili manga na mdalasini kidogo tu. Viungo vya unga dakika moja vinatosha, vikiungua ni uchungu. Nyanya ikishaiva, rudisha nyama na viazi vilivyokatwa vidogo, maji kiasi, funika kama dakika 20.

Ya sambusa ni habari nyingine: nyanya hakuna, kausha kabisa, kamulia ndimu, kitunguu kibichi changanya mwishoni. Na iache ipoe! Mimi niliwahi kujaza ya moto, futari inakaribia, manda zikalowa na kupasukia kwenye karai. Tulikula kwa kijiko.

Halafu hapo buchani, chagua kipande mwenyewe, wakisage ukiona.