Mpeleke akapimwe, ila jina la ugonjwa lisimmeze

Mkuu, umeuliza kama umpeleke mdogo wako kwa daktari wa magonjwa ya akili, maana unaogopa akishaandikiwa ugonjwa ataitwa kichaa maisha yake yote. Mpeleke. Dada yangu alikuwa akisikia sauti zisizokuwepo muda mrefu bila sisi kujua, na hakupata nafuu mpaka ilipojulikana kuwa ni skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kuleta sauti hizo. Dawa zilimrudishia usingizi, baadaye akarudi na kazini.

Ila hofu yako ina msingi. Baada ya hapo watu waliacha kumsikiliza. Akikasirika, anaulizwa kama amekunywa dawa. Akicheka sana, watu wanatazamana. Siku moja alishikwa na tumbo, chini upande wa kulia. Tabibu wa zamu akafungua faili, akasoma kidogo, kisha akanigeukia mimi: "Sauti zimemrudia?" Mgonjwa yuko mbele yake, amejikunja, anajieleza vizuri kabisa, na tumbo halijaguswa! Niling'ang'ana mpaka akaja daktari mwingine. Kumbe ni kidole tumbo, akafanyiwa upasuaji usiku uleule.

Mwaka 1973 mwanasaikolojia wa Marekani, David Rosenhan, alichapisha utafiti kuhusu watu 8 wasio na ugonjwa wa akili waliodai wanasikia sauti, wakalazwa hospitali za magonjwa ya akili. Walipoacha kuigiza bado walikaa wodini wastani wa siku 19, na hata kuandika kwao kukahesabiwa kuwa dalili. Mwaka 2019 mwandishi Susannah Cahalan aliutilia shaka ukweli wa utafiti huo, kwa hiyo siutumii kama ushahidi. Nilichokiona kwa dada yangu kinanitosha.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dada naye alianza kujiona kama watu walivyomwona, mgonjwa tu. Aliacha kuomba kazi, akawa anakwepa kliniki asionekane kwenye foleni, na kukosa dawa kukamrudisha wodini. Unyanyapaa hauishii kwenye maneno, unamtoa mtu kwenye matibabu.

Kwa hiyo nenda naye, lakini yeye ndiye aongee na daktari. Akilalamika maumivu ya mwili, dai apimwe mwili. Nyumbani muacheni akasirike na kucheka kama zamani. Mkiona amekosa usingizi siku kadhaa au anajitenga, hapo ndipo mumuulize, tena faraghani. Kuhusu kazini, muulize daktari kama cheti kinaweza kuandikwa muda wa mapumziko tu, bila jina la ugonjwa. Nani aambiwe zaidi ya hapo, aamue mwenyewe.