Mwanza na watoto bila kiingilio: tulivyozunguka siku nzima na bibi yao

Mkuu umeuliza kama inawezekana kuzungusha watoto Mwanza mjini siku nzima wakaona vitu vya historia bila kulipa kiingilio popote, maana likizo imefika na hela hakuna. Inawezekana, mi nimefanya likizo ya mwezi wa sita. Sikuwa na gari wala mume (dereva wa lori huyo, siku hiyo alikuwa njiani), nilikuwa na mapacha wangu Kulwa na Doto wa darasa la tatu, kaka yao wa form one, na mama mkwe aliyekuja kututembelea kutoka Bukoba. Na ushauri wangu nautanguliza kabisa, usitoke bila mzee. Sehemu za bure hazina mtu wa kukuelezea, unakuta jiwe limekaa au kibao cha mistari minne, watoto wanaangalia dakika mbili afu wanaanza kuulizia soda.

Tulianzia Kamanga saa mbili asubuhi kabla jua halijakolea, tukasimama pale ufukweni tukiangalia jiwe la Bismarck. Kuangalia na kupiga picha ukiwa nchi kavu hulipii kitu. Doto akauliza huyo Bismarck ndo alilipandisha lile jiwe juu ya mengine? Nikamwambia Bismarck alikuwa Kansela wa Ujerumani, hata huku hakuwahi kukanyaga, ila Wajerumani walivyoweka kituo chao Mwanza mwaka 1892 walikuja na majina yao mfukoni. Kaka yake nae akapata nafasi ya kujionyesha maana jiografia anaipenda, akawaeleza kwamba ni mwamba wa zaidi ya miaka bilioni 2, ulipasuka pasuka ukiwa bado chini ya udongo, maji yakaingia kwenye nyufa yakala kingo mpaka zikawa za mviringo, afu mvua ikaondoa udongo taratibu yakabaki mawe yamebebana hivyo. Mama mkwe akasikiliza weee, mwisho akasema "haya, na jina la kwanza lilikuwa nani?" Tukakosa wa kumjibu.

Kutoka hapo ni mguu tu mpaka mnara wa saa. Watu wa Mwanza tunaupita kila siku tukikimbizana na daladala hatusomi kile kibao, na mimi nimo. Kimeandikwa kwa Kiingereza, form one akatafsiri: tarehe 3 Agosti 1858 Speke, mpelelezi Mwingereza, akiwa kilima cha Isamilo, maili moja kutoka hapo, ndo aliona maji makubwa ya ziwa kwa mara ya kwanza. Mwenzake Burton alikuwa amebaki Tabora anaumwa. Na hakuja peke yake, kwenye msafara alikuwepo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto akapelekwa India, akarudi akiwa huru akawa kiongozi wa misafara. Watoto Speke hawakumjali sana, ila huyo Bombay aliwakaa. Aliuzwa na nani, mama yake alimtafuta, alirudi kwao? Tuliongea habari za Bombay mpaka bandarini.

Bandarini hatukuingia, tulisimama kwa nje ambapo meli zinaonekana, na bahati MV Victoria ilikuwa imetia nanga. Hapo ndo mama mkwe alifunguka jamani. Mtu ambaye nyumbani ukimuuliza kitu anakujibu "mm", alisimama pale karibu saa nzima. Alivyopanda hiyo meli mara ya kwanza akiwa binti na mikungu miwili ya ndizi anampelekea shangazi yake, wakalala deki juu ya mizigo, baridi ya ziwa usiku, mama mmoja hawajuani akamfunika na kitenge chake, asubuhi wanaamka mawe ya Mwanza hayo, akadhani ni nyumba. Mi nikaongezea nilichokuwa nakijua, kwamba iliundwa Uskochi, ikafunguliwa vipande vipande ikasafirishwa mpaka Kisumu ikaungwa upya, ikaanza kazi 1961. Kulwa akasema "kama begi la Legos". Sawa, kama hilo.

Kupanda Isamilo ndo nilikosea. Wazo lilikuwa zuri, kibao kimesema maili moja, kwahiyo kila pacha ahesabu hatua zake kutoka mnarani tuone nani atakuwa karibu na ukweli. Ila tulianza saa sita mchana, jua la utosi, kilima sio mchezo, na Kulwa nilimwacha avae kandambili. Ikakatika katikati ya mlima. Tukashuka nae amebebwa mgongoni na kaka yake mpaka kwa fundi viatu, akaipiga waya kwa jero, tukaanza upya. Hesabu ya Kulwa ilikufa hapo, Doto alifika 2,900 na kitu afu akapita muuza maembe. Mpaka leo wanabishana. Juu kuna makazi ya watu na miti, usitegemee sanamu wala geti, unatafuta upenyo unapoliona ziwa, basi. Tulikaa kwenye jiwe tukala matobolwa (viazi vitamu vya kuchemshwa vikakaushwa) na karanga na mayai niliyochemsha usiku, maji kwenye dumu la lita 5. Enda asubuhi na vaa viatu.

Sasa Igoma. Hii fikiria mwenyewe na watoto wako, kama wadogo sana ruka. Tulipanda daladala mpaka makaburi ya MV Bukoba, meli iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikija Mwanza kutoka Bukoba, wakafa watu zaidi ya 800. Mi nilipanga tupite haraka. Mama mkwe alivua viatu. Akatembea pole pole kati ya makaburi hasemi kitu, mapacha nao wakavua vyao bila kuambiwa, afu akaniita pembeni, "mama Kulwa, jirani yangu yuko humu, mtoto wake wa mgongoni hakuonekana." Miaka nane nimeolewa nyumba ile na sikuwahi kulisikia hilo. Hakuna aliyeulizia soda.

Saanane (kile kisiwa cha hifadhi ya wanyama) na Bujora sijaziweka kwa sababu zinalipiwa, ila ukipata hela Bujora iko mbele ya Igoma tu, njia hiyo hiyo ya Musoma unashukia Kisesa. Ni makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement kutoka Kanada, kuna ngoma na viti vya watemi, ipe siku yake usiibananishe.

Umeuliza pia kuhusu choo, swali la mzazi kabisa hilo. Mjini tulitumia vya kulipia, mia tatu kila mtu, na mapacha wakienda mmoja na mwingine anabanwa. Daladala, choo, fundi viatu na maembe jumla yake haikufika elfu 15 kwa watu watano. Isamilo malizeni shida zenu kabla ya kupanda, huko juu ni kubisha hodi kwa watu, na sisi tulibisha.