Mbwa anaokota lakini haleti: si ukaidi, na kola ya umeme si dawa

Swali: Mwalimu, habari za kazi. Nina Labrador dume wa miezi minane. Nikirusha kifuko cha mazoezi anakifuata mbio na kukiokota vizuri, lakini badala ya kuniletea anakwenda zake pembeni, analala, anaanza kukitafuna. Nikimsogelea anakimbia. Nimemfokea, nimemfukuza uwanja mzima, wapi! Kuna bwana anayefundisha mbwa ameniambia huyu ni mkaidi, nimwachie wiki mbili amfundishe kwa kola ya umeme, ile ya shingoni inayomshtua mbwa kwa rimoti, na kumbana sikio, atarudi amenyooka. Nimwachie?

Jibu: Usimwachie, ndugu yangu.

Naanzia hapo kwa sababu swali hili haliishi kunijia, na kila anayeliuliza huwa ameshapewa jibu lilelile na mtu ambaye hata hakumtazama mbwa akifanya kazi: mkaidi, aumizwe. Mbwa wako si mkaidi. Anafanya hasa kile ulichomfundisha.

Kufukuza kitu na kukibeba mdomoni amezaliwa nako. Labrador na wenzake walizalishwa huko Uingereza katika karne ya 19 kwa kazi hiyo: kumwendea ndege aliyepigwa risasi na kumbeba kwa mdomo laini, nyama isichanike. Kurudi mpaka mkononi mwako ndiko kunakohitaji mafunzo, na ndiko wenye mbwa wanakokuharibu wenyewe, kwa nia njema kabisa.

Siku nyingine tazama zile hatua mbili tatu za mwisho. Mbwa anakuja, kifuko mdomoni, mkia unacheza. Wewe unainama, unanyoosha mkono moja kwa moja kwenye mdomo wake. Papo hapo kichwa kinashuka, macho yanahamia kwenye vidole vyako, mwili unajipinda kidogo pembeni. Unaposema "lete!" kwa sauti kubwa, ameshaondoka. Ni kama mgeni aliyekuletea zawadi ukaipokonya mlangoni na kumfungia nje. Mara ya tatu atabaki nayo barabarani.

Kisha ukamfukuza. Hapo ndipo ulipomaliza kazi. Kwa mbwa kijana hakuna mchezo mtamu kuliko kukimbizwa na mtu asiyeweza kumshika, na wewe umemchezesha uwanja mzima.

Kwa hiyo acha kumfukuza, hata ikibidi uingie ndani umwache na kifuko chake. Mazoezi yafanye kwenye kijia chembamba, ukumbini au kati ya kuta mbili, ambako njia ya kutokea ni moja nawe umesimama hapo. Rusha karibu, mita tatu nne tu. Akishaokota, usimwendee: rudi nyuma, chuchumaa umpe ubavu, mwite kwa furaha mara moja. Akifika, mikono isiguse mdomo. Mkune kifuani, mkune shingoni, mwache ajivune na mzigo wake sekunde kadhaa. Ndipo uweke kiganja chini ya kidevu na kusema neno lako la kuachia. Mara nyingine mrudishie akibebe tena, ajue kwamba kuja kwako si kunyang'anywa.

Ukitoka nje, mfunge kamba nyepesi ndefu, ya mita kumi hivi, na uifunge kwenye mkanda wa kifuani, si shingoni. Kamba ni ya kumzuia asiende mbali. Usimvute nayo kama samaki.

Nyama ya kumzawadia nayo itumie kwa akili, hasa kwa Labrador. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walieleza hitilafu ya jeni iitwayo POMC, inayopatikana kwa takribani Labrador mmoja kati ya wanne, na inayohusiana na tamaa kubwa ya chakula. Mbwa wa namna hiyo akiona kipande mkononi mwako atatema kifuko hatua tano kabla hajafika, nawe utakuwa umemfundisha kosa jipya. Nyama ikae mfukoni, itoke baada ya kifuko kuwa kiganjani.

Kuhusu kutafuna, kwanza usimwachie kifuko kama kitu cha kuchezea. Kikae kabatini, kitoke wakati wa kazi tu. Na usirushe mpaka achoke. Mara tatu, nne, basi, umalize angali anataka. Mbwa aliyechoshwa ndiye hulala na mzigo akaanza kuutafuna. Viungo vyake pia bado vinakua, na kurushiwa kitu mara hamsini, akisimama ghafla na kugeuka, hakuzisaidii nyonga zake. Mfunue mdomo vilevile. Kwa umri wake meno ya kudumu, 42, yanapaswa kuwa yameshatoka yote, lakini jino la utoto lililokwama au fizi iliyovimba inatosha kumfanya abebe vibaya. Ukiona kitu, daktari wa mifugo kwanza.

Sasa huyo bwana wa wiki mbili.

Kumbana sikio ni hivi: mbwa anabanwa mpaka afungue mdomo kwa maumivu, anasukumiwa kitu ndani, kisha anaachiwa. Wako wanaoifanya kazi hiyo kwa utaratibu na kwa muda mrefu, nami bado sikubaliani nao. Ila hawa ninaowasema hawana hata huo utaratibu. Wana rimoti. Na kasoro ya rimoti ni kwamba mbwa hapokei maelezo pamoja na umeme. Anaunganisha maumivu na chochote alichokuwa akikitazama wakati huo. Akiwa anakitazama kifuko, ataogopa kifuko. Akiwa anamtazama mtoto aliyepita, shida yako itakuwa kubwa kuliko ya kuleta vitu. Akiwa anakutazama wewe, ndiyo kwaheri. Halafu mbwa wako tatizo lake ni kutokurudi kwa mtu. Kumwongezea sababu ya kumkwepa mtu ni ufundi gani huo? Wales walipiga marufuku kola hizi mwaka 2010, na hawakufanya hivyo kwa kukosa la kufanya.

Ni kweli wengi hurudi "wamenyooka". Wanaleta, masikio yamelala, mkia chini, na wanamletea yule mwenye rimoti. Nyumbani, kola ikivuliwa, wiki haipiti mambo yanarudi palepale, na ndipo mwenye mbwa ananiandikia. Mwalimu yeyote anayekuahidi idadi ya siku kabla hajamwona mbwa wako, anayekataa usitazame mazoezi, au anayemfundisha mbwa bila kukufundisha wewe, mkimbie, awe na kola au asiwe nayo. Kosa la kupokea mzigo lilikuwa la mikono yako, na mikono yako haiendi kwake kulala wiki mbili.

Kama ulishamwacha huko, nenda kamchukue leo. Fika bila taarifa. Ukifika nyumbani inua kifuko taratibu, ukiwa mbali naye. Akijikunyata, akilamba midomo au akigeuza uso, kifuko kirudi kabatini mwezi mzima. Mlishe kwa mkono, mtembeze, mwite mara chache na kila akija apate kitu kizuri. Baadaye anza na soksi iliyofungwa fundo badala ya kifuko, ukumbini, bila kurusha: iburuze chini, iache, geuka uondoke, umwone kama atakufuata nayo.