Furaha Iliyonikuta Nikilia

Niliachishwa kazi, na kabla sijajua nishike wapi, mama akapooza upande mmoja. Nilimuuguza miezi saba. Usiku nilimgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgongo. Jumapili, nikiulizwa hali kanisani, nilijibu haraka, "Bwana asifiwe, tunashinda!" Kisha narudi nyumbani nimechoka kuliko nilivyoondoka.

Kilichonimaliza ni kule kuigiza. Niliamini kwamba Mkristo anayelia amepungukiwa imani, kwa hiyo hata kwenye maombi nilimficha Mungu machozi, kana kwamba hayaoni.

Usiku mmoja, nikisubiri saa ya kumgeuza mama, nilifungua Zaburi ya 13. Ni fupi, aya 6 tu. Katika zile 2 za mwanzo Daudi anauliza "hata lini" mara 4. Hapambi maneno, anamuuliza Mungu waziwazi kama amemsahau milele. Nikaisoma kwa sauti ya chini, nikaongeza na "hata lini" zangu: hata lini bila kazi, hata lini mama yangu hivi? Nililia mpaka kola ikalowa.

Ndipo nikasikia mguno. Mama alikuwa macho. Ulimi wake ulikuwa mzito, maneno hayakutoka, lakini tuni ilitoka: wimbo wa ibada aliotuimbia tukiwa wadogo. Nikamshika ule mkono wake wenye nguvu, nikamwimbia maneno, yeye akabaki na tuni. Sijawahi kufurahi namna ile. Na hakuna kilichokuwa kimebadilika. Saa ilipofika nilimgeuza kama kawaida.

Kwa hiyo wewe unayepita pagumu, nakusihi, usianze kwa kujilazimisha kucheka. Mwambie Mungu lile linalokuuma, ulitaje kwa jina lake. Paulo, aliyewaandikia Wafilipi akiwa kifungoni wafurahi katika Bwana sikuzote, katika barua hiyohiyo anasimulia jinsi mtenda kazi mwenzake, Epafrodito, alivyougua karibu kufa, na kwamba Mungu alimhurumia yeye Paulo pia asipate "huzuni juu ya huzuni". Aya hiyo ya 2:27 hatuihubiri vya kutosha.

Tafuta pia mtu mmoja, hata mmoja tu, utakayemjibu ukweli akikuuliza hali. Mimi nilimwambia mama mmoja wa kwaya, na kesho yake alikuja kukaa na mgonjwa ili nilale. Na kila jioni taja jambo moja la kushukuru, lililotokea siku hiyohiyo. Siku nyingine langu lilikuwa: "Leo amemeza maji bila kupaliwa."

Mama alilala katika Bwana mwezi wa saba wa kumuuguza. Zaburi ile bado naisoma kwa sauti. Kuna usiku naishia aya ya 2, nafunga Biblia, nalala. Kuna usiku nafika ile ya 6, ya kumwimbia Bwana, na tuni ninayoitumia ni ya mama.