Napuliza dawa kwa malipo: leseni ya halmashauri inatosha?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Niko Hombolo, napuliza dawa kwenye mashamba ya zabibu ya watu kwa bomba la mgongoni, nalipwa kwa idadi ya mabomba. Sasa tajiri mmoja wa Kibaigwa anataka nikamfukizie ghala la mahindi kwa vidonge vya gesi. Leseni ya biashara ya halmashauri ninayo. Inatosha?

JIBU: Marahaba. Haitoshi, na hilo ghala usiliguse kwanza.

Leseni ya halmashauri inakuruhusu kufanya biashara tu. Kama unaijua dawa unayoishika, hilo linasimamiwa na TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Wazee wengi bado wanaiita TPRI, taasisi iliyounganishwa humo. Makao makuu yako Arusha. Anayepuliza shamba lake mwenyewe hayumo katika kundi lako. Wewe unalipwa, kwa hiyo ni mtoa huduma: unatakiwa upate mafunzo ya viuatilifu na usajiliwe, hata kama chombo chako ni bomba moja. Ada na fomu waulize TPHPA wenyewe, usimsikilize dalali.

Sasa vidonge. Vile vya fosfidi ya alumini vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini. Gesi hiyo haina dawa ya kuiondoa mwilini. Hospitali watahangaika na dalili tu. Barakoa ya kitambaa haisaidii kitu, na pua usiitegemee, kwani gesi inaweza kukudhuru kabla hujasikia harufu. Mfukizaji hufunika magunia kwa turubai lisilopitisha gesi, huziba kingo kwa mifuko ya mchanga, hukadiria vidonge kwa ukubwa wa lundo, huweka alama za hatari, na huacha gesi ifanye kazi kwa siku kadhaa. Kisha hupitisha hewa na kupima kwa kifaa kabla mtu hajaingia. Mlinzi kulala humo ghalani, jambo la kawaida kwetu msimu wa mavuno, ni mwiko. Vidonge kuvimwagia maji, usithubutu: vinaweza kulipuka moto.

Mwambie huyo tajiri atafute mfukizaji aliyesajiliwa. Kazi kama hii huwezi kujifunzia kwenye mahindi ya mtu.

Kwenye zabibu, ubwiriunga, yaani ule ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga, mara nyingi hupigwa salfa, na vijana huidharau kwa kuwa ni unga wa zamani. Ukiipiga saa saba mchana kwenye jua la Dodoma, utaunguza majani, na lawama ni zako. Piga asubuhi, soma kwenye lebo siku za kusubiri kabla ya kuvuna, kisha mwandikie mwenye shamba tarehe na jina la dawa. Akikuambia mnunuzi anakuja kesho, mwonyeshe karatasi hiyo.